Shajara ya mradi wa glichi: kwa nini CD inayokwama inasikilizika

Februari: lengo la mradi

Mradi huu una lengo moja: kutengeneza kazi ya sauti ya takriban dakika 20 kutokana na hitilafu za mashine, na wakati huohuo kutafuta jibu la swali ambalo kila aliyesikia rekodi zangu za mwanzo ameniuliza kwa namna yake, yaani mtu mwenye akili timamu anafaidi nini kusikiliza CD iliyokwama. Swali ni halali. Kwa wengi wetu tuliokulia kwenye nyumba zenye deki sebuleni, diski ikianza kukwamakwama ilikuwa habari ya hasara: mtu aliinuka, akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwa upindo wa shati na kuirudisha huku akiomba Mungu. Kwamba wako watu Japani, Ujerumani, Austria na Finland ambao tangu miaka ya 1980 na 1990 waliichukua sauti hiyohiyo wakaifanya msingi wa muziki, na muziki huo ukapata wasikilizaji waaminifu, ni jambo linalohitaji maelezo zaidi ya kusema kwamba Wazungu wana mambo yao. Kwanza, mmoja wa waasisi wake wakuu si Mzungu.

Ninapoandika glichi katika shajara hii nina maana ya muziki wa elektroniki unaojengwa kwa mibofyo, mikwaruzo, sauti zinazokatakata, vipande vinavyojirudia bila kuombwa, na mingurumo ya vifaa ambayo kwa kawaida fundi mitambo hulipwa aiondoe. Ndani yake kuna hitilafu za aina tatu, nazo si sawa. Ipo iliyotokea yenyewe, ipo iliyosababishwa makusudi kwa kuchokoza mashine, na ipo iliyoigizwa kwa programu wakati mashine ni nzima kabisa. Nitafanya kazi na ile ya pili. Ya tatu nitaigusa baadaye, kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi siku hizi na ndiyo inayonichosha zaidi.

Februari: waliotangulia

Kabla ya kununua kifaa chochote nilirudi kwa watu ambao njia zao za kazi zinajulikana. Yasunao Tone, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1935 na kuhamia New York mwaka 1972, alikuwa msanii wa Fluxus, kundi la wasanii wa majaribio. CD ziliingia sokoni Japani Oktoba 1982 zikinadiwa kwa usafi wa sauti, na mwaka 1985 Tone alianza kubandika upande wa chini wa diski vipande vya selotepu alivyovitoboa matundu madogo kwa pini. Alichokilenga si muziki uliokuwa kwenye diski, bali ni ule mfumo wa ndani ya deki unaosahihisha makosa ya kusoma. Ukishindwa kusahihisha, deki hutoa sauti ambazo hazimo kwenye rekodi ya awali na ambazo hakuna mtu aliyezitunga. Kazi zake ni kali, ni za ghafla, na kwa msikilizaji mgeni ni kama kupigwa kofi.

Kundi la Oval la Ujerumani, lililokuwa la Markus Popp, Sebastian Oschatz na Frank Metzger, lilianzia mahali palepale likafika kwingine. Walichora kwenye CD kwa kalamu za wino mzito, wakanasa deki ilivyorukaruka, kisha wakavichagua vipande walivyovipata, wakavipanga na kuvitandaza juu ya vingine. Albamu zao Systemisch ya mwaka 1994 na 94diskont ya mwaka 1995 si kali hata kidogo. Kipande kikuu cha hiyo ya pili kinachukua zaidi ya dakika 20 na mtu anaweza kukisikiliza akiwa amejilaza. Tofauti kati ya Tone na Oval, kwa maoni yangu, ndiyo tofauti kati ya kuiacha mashine ishindwe mbele ya hadhira na kuyachukua masalia ya kushindwa kwake ukayafanyia kazi kwa subira. Mradi huu unafuata njia ya Oval, kwa sababu swali ninaloulizwa linahusu raha, na kwenye kazi za Oval raha hiyo inaonekana waziwazi.

Nimeongeza kwenye orodha yangu Stefan Betke wa Berlin, anayetumia jina la Pole, kwa kuwa kisa chake kinapingana na dhana ninayoelekea kuijenga. Mwaka 1996 chujio lake la sauti aina ya Waldorf 4-Pole liliharibika likaanza kutoa michirizo midogo isiyo na mpangilio. Badala ya kulipeleka kwa fundi alilitumia lilivyo, na kati ya 1998 na 2000 akatoa albamu tatu zilizoitwa kwa namba tu: 1, 2 na 3. Nitarudi kwake.

Machi: deki

Kilichonichukulia muda ni kupata deki inayokubali kushindwa. Vifaa vya kubebeka vya miaka ya mwisho ya CD vina kumbukumbu inayosoma diski mapema kuliko sauti inavyotoka, hivyo lenzi ikiruka kifaa kinarudi kusoma upya na msikilizaji hajui kilichotokea. Kompyuta nayo hurudia kusoma sehemu mbovu hadi iridhike. Nilihitaji deki ya mezani ya zamani isiyo na kumbukumbu ya namna hiyo, na niliipata Kariakoo kwa fundi redio ambaye alikuwa ameiweka kando kama ya kuchukulia vipuri.

“Kaka, lenzi imechoka hii,” aliniambia. “Nikuwekee nyingine?”

“Iache hivyohivyo, fundi. Ikikwama ndiyo nzuri kwangu.”

Akaniangalia kidogo, akafungua mfuniko, akapuliza vumbi kwa heshima ya kazi yake. “Basi wewe ni wa kwanza kuninunulia ubovu,” akasema, lakini bei hakushusha.

Kwa ajili ya diski nilimwomba rafiki yangu anayepiga ganuni katika kikundi cha taarabu aje apige nyumbani, bila ya ngoma wala sauti ya mtu, nyuzi moja moja na mafungu mafupi yenye nafasi kati yake. Nilichoma rekodi hiyo kwenye CD tupu kadhaa. Nilitaka chanzo ninachokimiliki, na nilitaka ala ambayo mlio wake huanza kwa ncha kali na kufifia taratibu, ili kila mahali lenzi inaporuka isikike imetua wapi: kwenye ncha, katikati ya mfifio, au kwenye ukimya. Sauti inatoka kwenye deki kwa waya wa kawaida wa nyekundu na nyeupe kwenda kwenye kompyuta, bila ya chujio lolote njiani.

Machi, mwishoni: kinachotokea chini ya lenzi

Ingizo hili ni refu kwa sababu hapa ndipo mradi ulipoanza kunijibu.

CD haina mfereji kama wa santuri. Ina mstari mmoja mrefu wa vishimo visivyoonekana kwa macho, unaoanza karibu na tundu la katikati na kuzunguka kuelekea ukingoni, na nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni maikromita 1.6 tu. Mwanga wa leza unausoma mstari huo kwa mwendo usiobadilika wa kama mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde. Kwa kuwa mwendo wa kusoma haubadiliki na mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, diski yenyewe hulazimika kupunguza kasi: huanza kwa takriban mizunguko 500 kwa dakika na kumalizia kwa takriban 200. Kila sekunde ya muziki imekatwa kuwa vipimo 44,100 kwa kila upande wa stereo, na vipimo hivyo haviandikwi kwa kufuatana, bali huchanganywa na kutawanywa pamoja na tarakimu za ziada za ukaguzi. Ukitia doa mahali pamoja, hasara inagawanyika katika vipande vidogo ambavyo deki inaweza kuvikokotoa upya.

Uwezo huo una kiwango. Doa linalofunika hadi kama milimita 2.5 za mstari husahihishwa kikamilifu, na kinachotoka ni kilekile kilichoandikwa. Likizidi hapo, deki huacha kusahihisha na kuanza kukisia: huchukua kipimo kilicho kabla ya pengo na kilicho baada yake, na kuweka wastani katikati. Likizidi zaidi, hunyamaza. Kwenye skrini ya kompyuta, nikikuza wimbi la ganuni hadi vipimo vionekane kimoja kimoja, sehemu zilizokisiwa naziona: wimbi linalopinda kwa ulaini ghafla lina kona, kana kwamba mtu amelinyoosha kwa rula, kisha linaendelea na safari yake. Sikio halisikii kona. Linasikia wepesi fulani, ukavu wa kitambo kidogo mno, kisha mbofyo pale deki iliponyamaza.

Majaribio ya kuchora yalithibitisha nadharia na kuongeza mambo mawili. Mistari myembamba ilimezwa yote, diski ikacheza kama mpya. Wino mwekundu haukufanya lolote hata ulipokuwa mpana, na sababu inaeleweka, kwa kuwa leza ya CD hutumia mwanga wa nanomita 780 ambao jicho haliuoni na ambao wino nyingi za rangi huupitisha tu. Tepu nyeusi ya mafundi umeme, iliyokatwa kwa wembe vipande vyembamba na kubandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, ndiyo iliyofanya kazi kila mara.

Kipande kimoja cha tepu kilichonyooka namna hiyo kinakatiza leza mara moja katika kila mzunguko. Mwanzoni mwa diski mzunguko mmoja unachukua takriban sekunde 0.13, hivyo mibofyo inakuja karibu minane kwa sekunde. Ukingoni mzunguko unachukua karibu sekunde 0.29, na mibofyo inapungua hadi mitatu na nusu. Maana yake ni kwamba ukibandika tepu hiyo kwenye diski iliyojaa na kuiacha icheze yote, unapata mdundo unaopungua mwendo kwa zaidi ya saa moja, polepole kiasi kwamba hakuna dakika unayoweza kusema hapa ndipo ulipopungua. Hakuna mpiga ngoma anayeweza kufanya hivyo, na hakuna aliyeiambia deki ifanye. Ni umbo la diski linalohesabu.

Lenzi inapopotea kabisa na kuruka kuelekea ndani, inatua kwenye mzunguko wa nyuma, inasoma tena hadi kwenye tepu, inaruka tena. Saa ya deki inaonyesha 02:17, 02:18, kisha 02:17 tena. Urefu wa kipande kinachojirudia huwa takriban mzunguko mmoja, miwili, mitatu au zaidi, lakini sikupata chenye urefu wa mzunguko mmoja na robo. Linganisha na santuri. Mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer, alipofanya kazi na mifereji iliyofungwa, yaani inayozunguka mahali pamoja bila kuendelea mbele, katika redio ya Paris mwaka 1948, alikuwa na santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambapo kipande kinachojirudia kina urefu wa sekunde 0.77. Katika muda huo neno linatosha, kelele ya treni inatosha, na kinachorudiwa kinabaki kuwa kitu chenye jina. CD inarudia muda mfupi zaidi ya mara mbili hadi karibu mara sita. Mlio wa ganuni hauwahi kufifia, unabaki mtetemo, na sikio linaanza kusita kama linasikia mdundo wa haraka au noti nzito sana. Hali hiyo ya kusita, ambayo kwenye Oval nilidhani ni ustadi wa mpangaji peke yake, imo tayari kwenye kipimo cha diski ya sentimita 12.

Dhana ninayoifanyia kazi tangu sasa ni hii: hitilafu inavutia pale inapokuwa na kanuni yake yenyewe, isiyotokana na mkono wa mwanamuziki wala bahati nasibu, na msikilizaji huihisi kanuni hiyo hata kama hajui deki inafanyaje kazi.

Aprili: kisutu

Ili kuipima dhana nje ya CD nilitafuta hitilafu ya aina nyingine, yaani kuilazimisha kompyuta isome faili ambayo si ya sauti kana kwamba ni ya sauti. Programu za kuhariri sauti kama Audacity zina amri ya kuingiza data ghafi, ambapo wewe mwenyewe unaitangazia programu kwamba baiti hizi ni vipimo 44,100 kwa sekunde, nayo inakuamini. Picha za JPEG hazifai. Zimebanwa kiasi kwamba hakuna kinachojirudia ndani yake, na kinachotoka ni mvumo mtupu. Picha za BMP zimehifadhiwa pikseli baada ya pikseli, safu baada ya safu, kwa hiyo mpangilio wa picha unabaki kwenye data.

Nilipiga picha kisutu cha nyumbani, ile kanga ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, kikiwa kimetandikwa, nikaipunguza hadi pikseli 1,200 kwa 800, na nikabakiza rangi tatu tupu, yaani nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kila pikseli ni baiti 3, kwa hiyo kila safu ni baiti 3,600, na picha nzima ni kama baiti milioni 2.88. Ikisomwa kwa baiti moja kwa kila kipimo, upande mmoja bila stereo, inadumu sekunde 65, na safu zinapita mara 12.25 kwa sekunde. BMP huanza kuhifadhi kutoka safu ya chini kabisa, kwa hiyo tulisikia kwanza pindo la chini, kisha mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, kisha pindo la juu.

Mambo matatu yalisikika waziwazi na yote matatu yanahesabika. Pande mbili za pindo, ambazo hazibadiliki kutoka safu moja hadi nyingine, zilitoa mgongano imara wa mara 12.25 kwa sekunde. Pambo la mji, lililojirudia mara 12 kwa upana wa picha, lilitoa noti nzito ya karibu hezi 147 (mitetemo 147 kwa sekunde), na kila umbo la pambo lilipobadilika kuelekea juu, rangi ya noti ilibadilika bila noti yenyewe kuhama. Nyeusi na nyeupe zilikuwa kimya, kwa sababu baiti zote tatu za pikseli zina thamani moja na mpaka kati yake ndio pekee unaotoa mbofyo. Lakini nyekundu ina baiti mbili za sifuri na moja ya juu, tena na tena, na hilo ni wimbi la theluthi moja ya 44,100, yaani mluzi wa hezi 14,700. Binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, aliziba masikio. Mzee wake, aliyekaa karibu na spika kuliko yeye, aliuliza mbona tunasikiliza kitu kilichokatika.

Nilifurahishwa na jambo hili kuliko nilivyotarajia. Kisutu kina utaratibu ambao waliokichora waliupanga kwa ajili ya jicho, na kompyuta iliyodanganywa imeutoa ukiwa haujavurugika. Anayesikiliza bila kuambiwa kwamba hii ni kanga hawezi kujua ni kanga, ila anajua kwamba kuna kitu kimepangwa. Binti huyo alisema hasa hivyo baada ya kuondoa vidole masikioni, kwamba “kama kuna mtu anahesabu.”

Mei: dhana inapokutana na upinzani

Mwaka 2000 mtunzi Kim Cascone alichapisha katika jarida la Computer Music Journal makala inayotajwa kila mara glichi inapojadiliwa, akieleza kwamba kushindwa kwa teknolojia ya kidijitali kumekuwa chanzo cha urembo, na kwamba watunzi hawa wanavutwa na sauti za mazingira wanamofanyia kazi, kama feni za kompyuta na mashine za kuchapisha, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa usuli tu, yaani sauti za nyuma zisizosikilizwa. Nakubaliana naye kuhusu usuli. Neno kushindwa ndilo linaloniwia gumu. Baada ya kukaa na deki muda huu wote, sioni mahali iliposhindwa. Ilipofunikwa macho ilikisia, ilipozidiwa ilinyamaza, iliporuka ilirudi kuanza pale ilipoweza, na yote hayo yaliandikwa na wahandisi kabla diski ya kwanza haijauzwa. Kilichoshindwa ni matarajio yetu ya kutoisikia ikifanya kazi.

Upinzani wenye uzito unatoka kwa Pole. Michirizo ya chujio lake haina kanuni inayosikika, inatua popote kama mafuta yanayokaanga, na bado albamu zile tatu zinapendeza, mimi mwenyewe nikiwa shahidi. Nimezisikiliza upya nikiwa na dhana yangu mkononi, na ninachokiona ni kwamba Betke hakuiacha michirizo peke yake. Chini yake ameweka besi ya dabu, mtindo uliotokana na rege, nzito, ya polepole, yenye nafasi pana, na sikio linapata utaratibu huko chini huku vurugu ikiendelea juu. Ondoa besi, na baada ya dakika mbili utatafuta waya uliolegea. Kwa hiyo dhana haijaanguka ila imepata sharti: hitilafu isiyo na kanuni inahitaji kuazimwa kanuni kutoka mahali pengine.

Kwa upande mwingine wapo Ryoji Ikeda wa Japani na Carsten Nicolai wa Ujerumani, ambaye hurekodi pia kwa jina la Alva Noto. Kazi zao zina mibofyo, milio mikavu ya mawimbi tupu na ukimya uliokatwa kwa wembe, lakini hakuna kilichoharibika ndani yake. Wamechukua msamiati wa hitilafu wakauacha ubovu wenyewe, na kanuni kwao iko wazi kuliko kwa mtu yeyote. Nawaheshimu zaidi ya ninavyowapenda.

Sasa zile programu za kuigiza. Ziko nyingi, baadhi bure, na zinafanya kazi moja: zinakata wimbo uliopo vipande, zinavirudia, zinavigeuza nyuma mbele na kuvikwangua kwa bonyezo moja. Nilipitisha rekodi ya ganuni kwenye programu ya aina hiyo kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo yalikuwa safi, yenye nguvu, na yalinichosha haraka. Vikato vyote vinatua kwenye gridi ya mdundo ambayo mimi mwenyewe niliiweka kabla ya kuanza, yaani theluthi, robo na nusu za pigo nililolichagua, kwa hiyo kanuni ninayoisikia ni yangu na sikuwa na haja ya kuitafuta. Deki iliniletea sekunde 0.13 ambazo sikuziomba na ambazo haziingii kwenye pigo lolote nililonalo. Ndiyo maana nimeamua kwamba hakuna kipande kutoka kwenye programu za kuigiza kitakachoingia katika kazi hii, hata kile kimoja ambacho rafiki yangu wa ganuni alikipenda kuliko vyote.

Juni: kupanga

Kazi ina sehemu nne. Ya kwanza ni diski yenye tepu moja kutoka mwanzo, mibofyo minane kwa sekunde ikipungua. Kwa kuwa mpunguo wote haungeingia ndani ya dakika 20, nimechukua vipande kutoka sehemu mbalimbali za diski na kuviunganisha kwa kufifisha kimoja huku kingine kikiingia, bila ya kubadilisha kasi ya chochote. Ya pili ni mirukoruko ya ganuni, ambapo vipande vya mzunguko mmoja, miwili na mitatu vinapigwa pamoja na kukutana kila baada ya mizunguko sita. Vyote vinatoka eneo moja la diski, karibu na katikati. Nilijaribu kuchanganya cha katikati na cha ukingoni, na sikio halikupata mahali pa kushika.

Wakati wa kupanga sehemu ya pili nilimsikiliza sana Christian Fennesz wa Austria, hasa albamu yake Endless Summer ya mwaka 2001, ambayo gitaa lake limepondwapondwa na kompyuta bila ya kupoteza utamu wa noti. Jambo nililolichukua kwake ni kuacha noti moja ya ganuni isikike nzima, mara chache, ili msikilizaji ajue kinachovunjwa ni nini. Kampuni ya Mego ya Vienna iliyotoa albamu hiyo ilirithiwa na Editions Mego, na ndiyo hiyo iliyotoa albamu ya Peel ya Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, mwaka 2020. Peel si glichi, ni sauti ndefu zinazotanda, lakini ukiniuliza ni wapi katika ukanda wetu mtu anaweza kuanzia ili sikio lake lizoee muziki usio na mwimbaji wala mdundo, nitakutuma huko kabla ya kukutuma kwa Tone.

Sehemu ya tatu ni kisutu, sekunde 65 zake zikichezwa mara moja kamili bila ya kuguswa, kisha zikirudi kwa kasi ya nusu ambapo mluzi unashuka hadi hezi 7,350 na wazee nao wanausikia. Sehemu ya nne bado ina matatizo. Nina vipande vya lenzi iliyochoka ya deki yenyewe, bila ya tepu, ikitafuta mwanzo wa diski na kukosa: mkwaruzo wa mota, kimya, mkwaruzo. Hakuna kanuni ninayoisikia humo. Kwa mujibu wa somo la Pole nimeuwekea besi ya noti ileile ya hezi 147 iliyoshushwa oktavu mbili, yaani karibu hezi 37, na kwenye visikizi inashika vizuri. Kwenye spika za kawaida haisikiki kabisa.

Julai: hali ilivyo

Sehemu tatu za kwanza zimekamilika na nimezisikilizisha watu wachache, wengine kwa spika nyumbani na wengine kwa kuwatumia. Waliotumiwa kama ujumbe wa sauti kwenye simu walipata kazi nyingine kabisa. Ubanaji wa simu umeundwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo mluzi wa kisutu ulitoweka na mibofyo ikawa mipapaso. MP3 ni afadhali, lakini nayo huweka ukungu kabla ya kila mbofyo mkali, na katika kazi ambayo mibofyo ndiyo mifupa, ukungu huo unasikika. Nimeamua kusambaza faili isiyobanwa: dakika 20 za stereo kwa ubora wa CD ni takriban megabaiti 212, au pungufu ya hapo kwa FLAC, ambayo hubana bila kupoteza chochote, na anayelalamikia bando atanisamehe.

Kazi zilizobaki ni hizi. Besi ya sehemu ya nne itapandishwa oktavu moja, hadi karibu hezi 73, ili spika ndogo ziipate, na nitapunguza mkwaruzo wa mota uliopo juu yake kwa kuwa unaziba noti. Mluzi wa hezi 14,700 utashushwa desibeli kadhaa kwa ajili ya vijana na mbwa wa jirani. Deki yenyewe imeanza kukataa hata diski zisizo na tepu, kwa hiyo rekodi za akiba za sehemu ya pili zitafanyika wiki hii kabla haijazima kabisa, na fundi wa Kariakoo ameshaniambia kwamba ana nyingine mbovu zaidi.